Mkono wa Mtu na Kazi za Jumamosi: Kweli na Uongo wa Bariadi

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unaishi Bariadi, swali lake la kwanza halitakuwa la pamba wala la ng'ombe. Atauliza Gamboshi. Kijiji hicho, ambacho kwenye nyaraka za serikali huandikwa Gambosi, kimebebeshwa jina la uchawi nchi nzima, hata wapo wanaoapa kwamba usiku hugeuka jiji la maghorofa na taa. Mchana ni kijiji kama vingine: mashamba, mazizi, watoto wanaowahi shule, na mabati yanayohitaji misumari. Sina ugomvi na hadithi za Gamboshi. Zinafupisha safari ya basi. Ugomvi wangu uko kwenye ule uchawi mdogomdogo tunaouingiza katika kazi za nyumbani. Ukuta umepasuka, kuku wamekufa, mahindi yamegeuka unga ndani ya gunia: mkono wa mtu. Basi Jumamosi, siku ambayo mwalimu, muuguzi, dereva wa bodaboda na karani wa halmashauri wote wanageuka mafundi na wakulima, fedha iliyotengwa kwa ajili ya saruji inaishia kwa mganga.

Kauli ninazozipima hapa utazisikia Somanda mjini, utazisikia Dutwa na Nkololo, na ukivuka kwenda Itilima, Maswa, Meatu au Busega utazikuta zimekutangulia. Nyingine ni uongo mtupu. Nyingine zimenipa taabu, kwa kuwa wazee wetu walikuwa wanaona mambo vizuri sana hata pale walipoyaeleza vibaya.

“Ukuta ukipasuka bila sababu, ujue kuna mtu.” Si kweli.

Sababu ipo, na umeikanyaga. Mabonde mengi ya Simiyu ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaong'ang'ania viatu wakati wa mvua mpaka mtu anaongezeka kimo. Ndani yake mna mfinyanzi unaokunywa maji ukavimba, kisha ukikauka unasinyaa. Nenda kwenye shamba la dengu mwezi Septemba, utaona nyufa zinazomeza mkono. Sasa nyumba yako imekaa juu ya kitu hicho. Mvua ikinyesha inainuliwa, kiangazi inashushwa. Na kwa kuwa udongo ulio chini ya bafu, unakomwagwa maji kila siku, haukauki sawa na ule ulio chini ya chumba cha wageni, upande mmoja wa nyumba unapanda na mwingine unabaki. Tofali halijui kupinda. Linapasuka, na kwa kawaida ufa unaanzia kwenye kona ya dirisha au ya mlango, ukienda mshazari.

Kama huamini, chukua penseli. Weka alama pande zote mbili za ufa, pima upana kwa rula ya mtoto wa shule, andika tarehe palepale ukutani. Rudia kila mwezi. Ufa unaotanuka Agosti na Septemba, kisha ukajibana mvua zikikolea, unafuata unyevu wa ardhi. Mchawi anayefanya kazi kwa ratiba ya Mamlaka ya Hali ya Hewa bado hajazaliwa.

Wazee wa Kisukuma hawakuhitaji rula. Walikuwa na majina ya udongo kutoka kilimani hadi bondeni: luseni, ule wa kichanga ulio juu, itogolo katikati, unaofaa majaruba ya mpunga, na mbuga chini kabisa. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliuelezea ulimwengu wa kisayansi jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka mlimani hadi bondeni, na wanasayansi wanalitumia wazo hilo hadi leo. Mkulima wa Bariadi angemwambia habari hiyo kwa bakuli la maziwa. Na wazee hao walijenga juu, kwenye luseni. Waliowashusha wajukuu hadi mbugani ni madalali: kiwanja cha mbugani ni cha bei nafuu, na kinaoneshwa wakati wa kiangazi.

Aliyekwisha kununua hana haja ya kuuza. Kama bado hajajenga, achimbe udongo mweusi hadi afikie tabaka gumu, au auondoe kwa kina cha kutosha na kujaza moramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, halafu afunge nyumba kwa mkanda wa zege wenye nondo, mmoja juu ya msingi na mwingine usawa wa linta. Kama nyumba ipo tayari, kazi za Jumamosi ni tatu tu, na zote zinahusu maji. Weka gata ili maji ya paa yasidondokee msingini. Jenga kuzunguka nyumba ukanda wa sakafu wa upana wa mita 1, unaoinama kuelekea nje. Na yale maji ya kuogea yanayotoboa shimo nyuma ya ukuta, yapeleke kwenye migomba. Mkaratusi uliopandwa ukutani kwa ajili ya kivuli nao uondoke, maana mizizi yake inanyonya unyevu upande mmoja na kuacha mwingine. Ukiziba ufa kwa lipu kabla ya kufanya haya, unampaka mgonjwa poda.

“Sakafu ikikauka haraka ndiyo imara.” Si kweli.

Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kuungana na maji, na muungano huo unachukua siku nyingi. Zege hushika hata likiwa limezama. Ukilimwaga Jumamosi asubuhi na jua la Simiyu likalinyonya hadi jioni, Jumatatu litaonekana kavu na jeupe, na mwaka ujao utakuwa unafagia vumbi lake. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Mafundi wetu wengi hufanya kinyume: maji mengi kwenye mchanganyiko ili koleo liende kwa urahisi, kisha hakuna hata ndoo moja baada ya kumwaga. Maji ya ziada mwanzoni yanaacha vitundu ndani ya zege. Mama mwenye nyumba akimwona fundi anageuza zege kuwa uji, ana haki ya kusema, hata kama fundi atamjibu kwamba kazi hii ameianza zamani.

“Bibi mwenye macho mekundu ni mchawi.” Uongo, na huu umeua watu.

Hapa sitanii. Katika Usukuma vikongwe, hasa wanawake, wameuawa kwa mapanga baada ya kunyooshewa kidole kwa sababu ya rangi ya macho yao. Lakini ingia kwenye jiko la bibi huyo. Chumba kidogo, mlango mmoja, dirisha hakuna, mafiga matatu katikati. Maeneo ambayo miti ilikwisha zamani anapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na vyote viwili vinatoa moshi mkali kuliko kuni kavu. Ameinamia moshi huo tangu akiwa binti. Macho yangekuwaje? Ongeza vumbi la kiangazi na trakoma isiyotibiwa, utapata wekundu ule ule unaompeleka mjukuu kwa mpiga ramli.

Moshi huo hauchagui wazee. Mtoto anayebebwa mgongoni wakati mama anasonga ugali anavuta hewa ile ile, na moshi wa jikoni ni miongoni mwa sababu kubwa za nimonia kwa watoto wadogo na maradhi sugu ya mapafu kwa wanawake wasiovuta hata sigara moja.

Kwa hiyo mradi wa wikendi ambao ningeuweka mbele ya mingine yote haugharimu sana. Toboa madirisha mawili yanayotazamana, ili upepo upite. Acha mwanya kati ya ukuta na paa. Finyanga jiko banifu kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, lenye mdomo mdogo wa kuni na bomba la kutolea moshi nje. Vijana wawili wanalimaliza kwa siku moja, na likikauka vizuri linakula kuni kidogo kuliko mafiga. Kuni zikauke kabla ya kuingia ndani, maana kuni mbichi ndizo mama wa moshi. Na bibi apelekwe kliniki ya macho. Trakoma ina dawa, mtoto wa jicho una upasuaji.

“Kuku wakifa wote kwa wiki moja, jirani ana kijicho.” Si kweli, ingawa jirani anaweza kuhusika.

Anahusika kwa njia hii: aliuza kuku wake mnadani alipoona wameanza kuzubaa, wewe ukamnunua mmoja. Ugonjwa wenyewe ni mdondo, wengine wanauita kideri, na unaletwa na virusi. Kuku anakoroma, anaharisha kijani, shingo inapinda, na usipokuwa umechanja banda linaweza kubaki tupu. Wazee wanasema mdondo unakuja na upepo wa kiangazi. Majira wameyapatia, msafiri wamemkosea. Anasafiri ndani ya matenga, kwenye baiskeli na pikipiki, kwenye viatu na kwenye manyoya yaliyotupwa jalalani.

Kuhusu mshubiri, pilipili kichaa na majivu kwenye maji ya kunywa: havitibu mdondo. Virusi hivyo havina dawa, hata ile ya dukani. Ukiona kuku amepona baada ya kunyweshwa mshubiri, ama hakuwa na mdondo ama ni mmoja wa wachache ambao wangepona hata kwa maji matupu. Namna pekee ni kuutangulia kwa chanjo. Iliyofaa zaidi kwa kuku wa kienyeji ni ile ya I-2, ambayo hapa nchini inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, jambo zuri kwa sehemu zisizo na friji, lakini kuvumilia si kuanikwa juani: ibebe kwenye kitambaa chenye maji. Tone moja kwenye jicho moja, rudia kila miezi mitatu. Watu wengi hupunguza kwa kifaranga na kuongeza kwa jogoo. Hakuna haja. Kifaranga na jogoo wanapata tone lile lile.

Tatizo ni chupa. Ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na ikishafunguliwa haikai. Ndiyo maana mwenye kuku 12 anaona hasara kuinunua. Hapo nyumba kumi za mtaa zichange, zipange Jumamosi moja, zichanje alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa. Kuku aliyekwisha kuumwa msimchanje, haitamsaidia. Na aliyekufa azikwe au achomwe. Supu yake ina ladha, ila maji ya kumnyonyolea yakimwagwa uani yanaanza safari mpya.

“Mahindi yakiota ukungu, yachague, yaoshe, yapike sana. Yakishindikana wape kuku.” Si kweli, mara mbili.

Ukungu wenyewe unakufa kwa moto. Sumu iliyoachwa na ukungu haifi. Inaitwa sumukuvu, na joto la sufuria ya ugali haliifikishi popote. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafariki, na chakula chao kilikuwa mahindi ya kawaida ya nyumbani. Kuyatupia mifugo ni kuizungusha tu: ng'ombe anayelishwa nafaka yenye sumukuvu anaitoa kwenye maziwa, na kuku hawanenepi, wengine wanakufa, halafu tunarudi kwenye kijicho cha jirani.

Kinga inaanzia kwenye kuanika. Mahindi hayaanikwi juu ya ardhi tupu. Yaanikwe kwenye turubai au kichanja, na jioni yaingizwe ndani kabla ya umande. Kujua kama yamekauka, wengi huyang'ata kwa jino. Jino linadanganya. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia punje hadi theluthi, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikianguka yote chini, yako tayari kwa ghala. Kipimo cha maabara unapata kwa bei ya chumvi.

Halafu kuna dumuzi. Wakulima wa Tanzania walimpa jina la Scania, kwa kuwa alionekana kufika na malori. Ni mgeni kweli: asili yake ni Amerika ya Kati, na aliingia nchini miaka ya mwisho ya 1970, akajulikana kwanza kule Tabora kabla ya kusambaa Afrika Mashariki yote. Anatoboa punje, anatoboa gunzi, anatoboa hata mti wa kihenge, na anachoacha ni unga. Aliyeacha gunia zima akakuta vumbi lazima atafute maelezo, na uchawi wa “chuma ulete” ndiyo maelezo ya haraka.

Majivu je? Nusu kweli. Majivu mengi yanawasumbua fukusi wa kawaida, kwa kuwa yanakwaruza ngozi yao na kuwakausha. Kwa dumuzi hayatoshi. Yeye anapenda mahindi yaliyo kwenye magunzi, hivyo kupukuchua mapema ni nusu ya vita. Ukitumia dawa ya unga, ile inayofaa ina viambato viwili, kwa sababu kinachomuua dumuzi si hodari kwa fukusi, na cha fukusi dumuzi anakivumilia. Soma kibandiko, usinunue unga unaopimwa kwa kijiko mnadani. Binafsi ningechukua mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za nailoni ndani na kiroba nje. Ilibuniwa kwa ajili ya kunde kule Kameruni miaka ya 1980, na siri yake ni kufunga tu: wadudu wanamaliza hewa iliyomo, wanaacha kula, wanakufa. Funga kila tabaka peke yake, kaza, na usifungue kila siku kuchota kibaba kimoja. Adui wake ni panya, na kwa panya ushauri wangu ni paka.

“Mabua ya pamba yaache shambani, yatakuwa mbolea.” Si kweli.

Yataoza polepole sana, na kabla ya kuoza yatawalaza wadudu na magonjwa hadi msimu ujao. Funza wa vitumba na wenzake hawana pa kwenda kiangazi. Maotea ya pamba ndiyo gesti yao. Ndiyo sababu wakulima wa pamba wanatakiwa wawe wameng'oa na kuteketeza masalia ifikapo Septemba 15. Ukiyataka kwa kuni, sawa, lakini yang'oe mapema na uyamalize jikoni. Lundo linalokaa nyuma ya nyumba hadi Novemba halina tofauti na lililoachwa shambani.

Na ukiwa hapohapo, tengeneza kamba ya kupandia. Kauli kwamba pamba ikibanana haizai imepitwa na wakati. Nafasi ya zamani ilikuwa sentimita 90 kwa 40. Sasa Bodi ya Pamba inahimiza 60 kwa 30. Piga hesabu: kwa miche miwili kila shimo, ekari inatoka miche elfu 22 na ushee hadi karibu elfu 45. Kila mmoja unazaa kidogo, ekari inazaa zaidi. Anayepalilia kwa ng'ombe ana haki ya kuuliza plau itapita wapi kwenye mstari wa sentimita 60, na swali lake halijajibiwa vya kutosha kwenye vipeperushi. Lakini kamba yenye mafundo kila sentimita 30 ni kazi ya saa moja chini ya mti.

“Maji ya mvua hayana haja ya kuchemshwa.” Nusu kweli.

Yakiwa angani ni safi. Kisha yanatua kwenye bati walikolala njiwa. Lakini wingi wake usiudharau: mvua ya milimita 25 juu ya paa la mita za mraba 40 ni lita 1,000, simtanki dogo limejaa kwa mvua moja. Anayesema Simiyu haina mvua ya kuvuna aangalie kwanza inapokwenda hiyo inayonyesha. Panda paani Oktoba, fagia mabati, safisha gata, weka wavu kwenye mdomo wa tangi, na mvua za kwanza ziache zioshe paa kabla ya kuelekeza bomba. Ya kunywa yachemshe au uyatie klorini.

Kuhusu maji ya lambo na mlonge, wazee wako sahihi zaidi ya wanavyodhaniwa. Mbegu za mlonge zilizomenywa na kutwangwa zinakusanya tope na kulizamisha. Mbegu moja hivi kwa lita, koroga kwa nguvu kidogo, kisha polepole, acha saa moja au mbili, maji yanakuwa meupe. Hata hivyo maji meupe yanaweza kuwa na vijidudu. Mlonge unaondoa tope na sehemu ya vijidudu. Kazi iliyobaki ni ya moto, na uyatumie siku hiyohiyo.

“Panda vitunguu saumu au choma tairi, nyoka hawaji.” Si kweli.

Nyoka anafuata panya, panya anafuata mahindi. Moshi wa tairi unakudhuru wewe. Fyeka majani kuzunguka nyumba, ondoa lundo la matofali na kuni ukutani, ziba matundu, funga ghala. Jiwe jeusi la kunyonya sumu ni mfupa uliochomwa, halinyonyi chochote. Kukata jeraha na kufunga kamba kwa nguvu kunaongeza madhara. Mgonjwa atulizwe, kiungo kisichezeshwe, aende hospitali. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi safi bila kusimama. Wayeye, chama cha wacheza nyoka cha Kisukuma, ninawaheshimu kwa jinsi wanavyomshika bafe bila kutetemeka. Ujuzi huo ni wa mikono na macho. Mwanachama wao akikupa chanjo ya kienyeji, pokea kwa adabu na uendelee kuvaa mabuti.

“Ngitili ni ardhi iliyoachwa bure.” Si kweli hata kidogo.

Hapa wenye kuonekana washamba ndio walioshinda. Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zikianza, lisiguswe na mifugo, kisha linafunguliwa kiangazi majani ya kwingine yakiisha. Enzi za ukoloni mapori ya Usukuma yalifyekwa ili kuondoa mbung'o. Pamba na mifugo vikamalizia. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya mkoa huo, maana Simiyu ilizaliwa mwaka 2012. Mradi ulijaribu kwanza kupanda miche kwa wingi. Kilichofaulu zaidi ni kuirudisha ngitili: kutoka takriban hekta 600 hadi zaidi ya hekta 300,000 kufikia miaka ya mwanzo ya 2000. Miti haikuhitaji kupandwa, ilihitaji kuachwa. Visiki vilikuwa hai chini ya ardhi.

Hata robo ekari nyuma ya nyumba inatosha. Zungushia minyaa au miba, acha, na Jumamosi chache za mwaka pogoa machipukizi yaliyosongamana ubakize moja au mawili yenye nguvu kwa kila kisiki. Matawi uliyopogoa yakikauka ndiyo kuni za lile jiko banifu. Jirani atasema umeshindwa kulima.

“Nyuki wanafukuza tembo.” Kweli.

Wanaoishi kuelekea Serengeti na pori la akiba la Maswa wanajua maana ya kulala shambani na madebe. Kauli hii ilichekwa kwa muda mrefu, hadi mtafiti Lucy King alipowapigia tembo wa Kenya sauti za nyuki zilizorekodiwa, wakakimbia, akachapisha matokeo mwaka 2007. Baadaye huko Sagalla, karibu na Tsavo, wakulima walizungusha mizinga kwenye mashamba yao, ikining'inia kwenye waya kila baada ya mita 10 hivi, na tembo wengi waliofika kwenye uzio waligeuka. Tembo akigusa waya, mizinga yote inatikisika.

Sharti ni mizinga iwe na nyuki. Mzinga mtupu ni boksi, na tembo hachukui muda mrefu kuligundua. Kiangazi kikali nyuki wanahama, kwa hiyo maji yawepo karibu na maua yasikosekane. Aliyefunga ngitili yuko mbele hapa pia. Pilipili iliyochanganywa na oili chafu na kupakwa kwenye vitambaa vya uzio inasaidia kiasi, ila mvua ikinyesha unapaka upya. Uzio wa nyuki una kazi nyingi mwanzoni, Jumamosi kadhaa mfululizo za kukata nguzo na kufunga waya, na hapa kuna jambo moja ambalo waelekezaji husahau: mizinga isikae karibu na zizi. Mbuzi aliyefungwa kamba hawezi kukimbia, na nyuki waliochokozwa hawatofautishi mbuzi na tembo.